Kurasa Tatu za Karel Styblo

Mwaka 1985 jarida la Muungano wa Kimataifa wa Kupambana na Kifua Kikuu lilichapisha makala inayoanzia ukurasa wa 117 na kuishia ukurasa wa 119. Mwandishi wake ni Karel Styblo, daktari mzaliwa wa Czechoslovakia aliyekuwa akifanya kazi The Hague, Uholanzi. Katika kurasa hizo tatu anauliza swali moja. Ukijua ni watu wangapi kati ya mia wanaoambukizwa vimelea vya kifua kikuu kila mwaka, je, unaweza kukadiria wagonjwa wangapi wanawaambukiza wenzao? Jibu lake ni ndiyo. Anasema pale ambapo mtu mmoja kati ya mia huambukizwa kwa mwaka, tarajia wagonjwa wapya 50 hivi wenye vimelea kwenye makohozi katika kila watu 100,000.

Naipenda makala hii kwa sababu unaweza kuikagua kwa penseli ukiwa umekaa barazani. Chukua watu 100,000. Asilimia moja yao ni 1,000, na hao ndio walioambukizwa mwaka huu. Wagonjwa wapya ni 50, lakini kabla ya kuwapo dawa mgonjwa wa namna hii aliweza kukaa miaka miwili hivi akikohoa kabla hajafa au kupona mwenyewe, kwa hiyo wakati wowote ule wapo 100. Gawa 1,000 kwa 100, utapata kwamba kila mgonjwa anawaambukiza watu 10 kwa mwaka. Katika miaka yake miwili amewaambukiza 20. Kati ya hao 20, mmoja katika kumi ndiye atakayeugua maishani mwake, yaani wawili, na nusu yao, yaani mmoja, ndiye atakayekuwa na makohozi ya kuambukiza. Mgonjwa mmoja ameacha mrithi mmoja, na ugonjwa umebaki palepale, haupandi wala haushuki. Sehemu kubwa ya historia ya kifua kikuu kabla ya dawa imo humo, katika hesabu ya mtoto wa darasa la sita.

Lakini wepesi huo una gharama. Nyuma ya ile 10 na ile 2 kuna takwimu za Uholanzi na nchi nyingine zilizokusanywa kabla ya Vita Kuu ya Pili, kuna watu waliofuatiliwa hadi kufa kwao, na kuna miaka karibu ishirini ambayo Styblo na wenzake wa The Hague waliitumia kubishana kuhusu namna ya kupima kitu kisichoonekana. Mtu aliyeambukizwa vimelea vya kifua kikuu hajui. Haumwi, hakohoi, anakula na kucheza. Kumhesabu mtu wa namna hiyo ni kazi ngumu kuliko kumhesabu mgonjwa.

Styblo alizaliwa mwaka 1921. Wakati wa vita alifungwa katika kambi ya Wanazi ya Mauthausen, Austria, na huko ndiko alikougua kifua kikuu. Baada ya vita alisomea udaktari Prague, kisha akautumia uhai wake wote kwa ugonjwa huu mmoja, hadi alipofariki mwaka 1998. Makala zake hazimtaji kijana yule wa kambini. Ni kavu, zimejaa majedwali, na mwandishi amekaa pembeni ili msomaji aone namba vizuri. Ukavu huo nauheshimu sana. Mtu aliyekuwa na kila haki ya kuandika kwa uchungu alichagua kuandika kwa usahihi.

Kazi iliyomtambulisha aliifanya nchini kwao, katika wilaya ya Kolín, mashariki mwa Prague, wilaya yenye wakazi wapatao 100,000. Enzi hizo Ulaya iliamini sana magari ya eksirei. Magari yalipita vijijini na viwandani, watu wakapanga foleni, kila mmoja akapigwa picha ya kifua, na ilidhaniwa kwamba kwa njia hiyo ugonjwa ungekamatwa ungali mchanga. Kuanzia mwaka 1960 Styblo na wenzake waliipima imani hiyo kwa uvumilivu. Waliwapiga picha watu wazima wa wilaya nzima, wakarudia baada ya muda, wakarudia tena, na kati ya duru moja na nyingine wakamwandika kila mgonjwa aliyejitokeza mwenyewe hospitalini, pamoja na majibu ya makohozi yake.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1967 katika jarida la Shirika la Afya Duniani, na hayakuwafurahisha wenye magari. Sehemu kubwa ya wagonjwa waliokuwa wakiambukiza zaidi, wale ambao vimelea vyao vinaonekana wazi kwenye hadubini, hawakuwa wamenaswa na eksirei. Ugonjwa wao ulizuka haraka kati ya duru mbili, wakakohoa, wakaona hali si ya kawaida, wakaenda kwa daktari. Mwaka 1974 kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani ilipendekeza nchi ziachane na upigaji picha wa watu wote. Kwa nchi maskini habari hiyo ilikuwa na uzito wa pekee. Kama mgonjwa anayeambukiza anakuja mwenyewe kwa kukohoa, basi kinachotakiwa ni hadubini, mtu anayejua kuitumia, na zahanati ambayo mgonjwa anaweza kuifikia. Magari ya mamilioni yangeweza kusubiri.

Sehemu ya ufundi huu ambayo ningependa kila kijana anayesomea takwimu aione kwa macho yake ni namna ya kupima maambukizo kwa watoto. Mtoto wa shule anachomwa sindano nyembamba ndani ya ngozi ya mkono, dawa iitwayo tuberkulini, sehemu moja tu ya kumi ya mililita. Siku ya tatu msomaji wa kipimo anarudi. Haangalii wekundu, kwa kuwa wekundu unadanganya. Anapapasa kwa ncha ya kidole mpaka aupate uvimbe mgumu, anaweka alama ya kalamu pale ugumu unapoanza na pale unapoishia, kisha anapima upana wake kwa rula angavu iliyokingamishwa mkononi, kwa milimita. Anataja namba, mwenzake anaandika. Mtoto mwingine anasogea.

Sasa zidisha kazi hiyo kwa maelfu ya watoto. Jicho la binadamu hupenda 5, 10 na 15. Uvimbe wa milimita 11 unasomwa 10 bila msomaji kukusudia, na ukichora mchoro wa majibu yote unaiona minara mitatu iliyochomoza ambayo haipo katika miili ya watoto, ipo katika mazoea ya wasomaji. Kwa hiyo wasomaji hufundishwa upya, hupimwa wao kwa wao, na anayeipenda mno namba 10 hujulikana. Kuna taabu nyingine pia. Vimelea vingine visivyo vya kifua kikuu, vinavyoishi kwenye udongo na maji, navyo huuvimbisha mkono kidogo. Chanjo ya kifua kikuu, BCG, huuvimbisha pia. Hivyo mtafiti hawezi kusema tu kwamba kila uvimbe wa kiasi fulani ni maambukizo. Njia mojawapo waliyoitumia ni kutafuta mahali ambapo waliokwisha kuambukizwa kweli hurundikana, mara nyingi kwenye milimita 17 hivi. Walihesabu walio juu ya hapo, ambao hawana utata, kisha wakachukulia kwamba walio chini ya hapo ni idadi ileile kama kwenye kioo, hata kama katika mchoro wamechanganyika na wengine.

Hesabu ya mwisho ni fupi. Kama katika watoto wa miaka 10 mmoja kati ya kumi ameambukizwa, basi kila mwaka wa maisha yao ulibeba hatari ya takriban asilimia moja. Mtoto huyo ameitunza mkononi mwake historia ya wakubwa waliomzunguka, miaka kumi nzima, hata kama hakuna hospitali iliyoiandika. Mwaka 1969 Styblo, pamoja na Meijer na Sutherland, alitumia vipimo vya Uholanzi, vikiwemo vya vijana walioingia jeshini, kuonyesha kwamba maambukizo yalikuwa yakipungua kwa asilimia 5 hivi kila mwaka kabla ya vita, hata kabla ya dawa kugunduliwa. Baada ya dawa kasi ilikuwa zaidi ya maradufu. Sasa mtu aliweza kuonyesha kwa namba jinsi tiba ya wagonjwa ilivyowakinga watoto ambao hawakuwahi kumeza kidonge hata kimoja.

Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, kwa msaada wa Muungano ule wa Kimataifa na fedha kutoka Uswisi. Styblo alikuwa mshauri wake. Wataalamu wengi wa wakati huo waliamini kuwa nchi maskini haiwezi kutibu kifua kikuu kwa kiwango cha maana. Na kwa kweli mwanzo ulikuwa mzito. Dawa za bei nafuu zilitakiwa kumezwa mwaka mzima, na mtu akishapata nafuu mwezi wa tatu, akiwa na shamba linalomsubiri, huacha. Dawa bora zaidi ilikuwa rifampisini, lakini ilikuwa ghali, na wakubwa wa fani waliogopa kwamba ikisambazwa ovyo vimelea vitaizoea na silaha itapotea.

Jibu la Styblo na wenzake wa Tanzania, tangu mwaka 1982, lilikuwa mpangilio wa miezi minane. Miezi miwili ya kwanza mgonjwa alipata dawa nne, rifampisini ikiwemo, kila siku mbele ya macho ya mhudumu, wengi wakiwa wamelazwa. Miezi sita iliyobaki alikwenda nyumbani na kidonge cha bei rahisi chenye thiasetazoni na isoniazidi. Kanuni ilikuwa kwamba rifampisini haimezwi isipokuwa mbele ya shahidi.

Lakini kama ningeulizwa alichokiacha Tanzania ni nini, ningesema ni daftari. Daftari la wilaya la kifua kikuu ni kubwa, limechorwa mistari kurasa mbili zikitazamana, na kila mgonjwa ana mstari mmoja unaovuka zote mbili. Jina, umri, jinsi, anapoishi, kituo anapotibiwa, mpya au ugonjwa umemrudia, makohozi mwanzoni, makohozi baada ya miezi miwili, makohozi mwezi wa tano, makohozi mwishoni. Maabara nayo ina daftari lake, na jibu lenye vimelea huandikwa kwa wino mwekundu, ili mratibu wa wilaya akifungua ukurasa wekundu umdake kabla hajaanza kusoma. Kisha anachukua kila jina jekundu la maabara na kulitafuta katika daftari la matibabu. Lisipokuwemo, kuna mtu ametoa makohozi, ameonekana ana ugonjwa, na hakuna aliyempa dawa. Huyo anatafutwa.

Mwishoni mwa mstari kuna safu ya hatima. Amepona na imethibitishwa kwa makohozi, amemaliza dawa bila kipimo cha mwisho, tiba imemshinda, amefariki, ametoroka matibabu, amehamia wilaya nyingine. Hatima ni sita, na kila mgonjwa lazima apate moja. Wote walioandikishwa kati ya Januari na Machi ni kundi moja, na mwaka unaofuata mratibu anakaa na kuwajumlisha. Jumla ya hatima sita ikipungua kwa mtu mmoja ikilinganishwa na walioandikishwa, ripoti haijakamilika. Mwenye duka anayehesabu mauzo bila kuhesabu bidhaa alizoingiza hajui kama anapata au anapoteza, na miradi mingi ya afya imeendeshwa hivyo, ikitangaza waliopona na kunyamaza kuhusu wangapi walianza. Styblo hakukubali kiasi, ile namba ya juu ya sehemu, bila asili yake, namba ya chini. Alikuwa akija kukagua, na ukaguzi wake ulikuwa wa madaftari, mstari kwa mstari, wilaya kwa wilaya.

Hapo ndipo ninapoona utu wake, katika ile safu ya waliotoroka na waliofariki. Mgonjwa aliyekufa Nachingwea mwezi wa tatu wa matibabu anabaki katika hesabu sawa na aliyepona Moshi. Hakuna aliyefutwa ili asilimia ipendeze. Na kwa sababu hakuna aliyefutwa, asilimia ilipokaribia 80 ya waliopona, dunia ililazimika kuamini.

Iliamini pia kwa sababu ya fedha. Mwaka 1991 jarida la Lancet lilichapisha hesabu za gharama kutoka Malawi, Msumbiji na Tanzania, zilizoandikwa na Christopher Murray na wenzake, wakiwemo Chum, aliyeuongoza mpango wa Tanzania, na Styblo mwenyewe. Walionyesha kwamba tiba fupi, yenye vidonge vya bei ya juu, ilikuwa nafuu kuliko ile ndefu ukigawanya gharama kwa kila aliyepona. Miaka miwili baadaye Benki ya Dunia iliitaja tiba ya kifua kikuu miongoni mwa huduma zinazookoa maisha mengi kwa fedha kidogo, na Shirika la Afya Duniani likatangaza kifua kikuu kuwa dharura ya dunia. Katikati ya muongo huo mfumo wa Styblo na wenzake ulipewa jina la DOTS na kupelekwa duniani kote. Wengi waliojifunza DOTS hawakujua kuwa walikuwa wanajifunza daftari lililokomaa katika wilaya za Tanzania.

Wakati huohuo Ukimwi ulikuwa umeingia. Wagonjwa wa kifua kikuu waliosajiliwa Tanzania walikuwa zaidi ya 11,000 mwaka 1983, na kufikia katikati ya miaka ya 2000 walizidi 60,000. Mwaka 1991 watafiti waliofanya kazi Nairobi walionyesha kwamba thiasetazoni iliwababua ngozi vibaya, hata kuwaua, wagonjwa wenye virusi vya Ukimwi, na mipango ya tiba ililazimika kuiacha na kutumia ethambutoli. Kidonge cha bei rahisi kilichobeba hesabu zote za miezi sita kilikuwa kimegeuka hatari. Hata hivyo, mikono ya watoto ilisema jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Uchunguzi wa tuberkulini katika shule za Tanzania, ulioanza mwaka 1983 chini ya Bleiker, Chum, Nkinda na Styblo, ulirudiwa kila baada ya miaka kadhaa. Makala ya Egwaga na wenzake ya mwaka 2006 ilionyesha kwamba katika miaka yote hiyo ya wimbi la wagonjwa, hatari ya mtoto kuambukizwa haikupanda. Wagonjwa waliongezeka mara tano na zaidi, ila walikuwa wakifikiwa na dawa kabla hawajawaambukiza wengi. Sijui kama kuna sifa kubwa zaidi ya hiyo kwa waratibu wa wilaya wa miaka ile, ambao majina yao hayapo katika makala yoyote.

Na ile kanuni ya kurasa tatu? Imeanguka. Mwaka 2008 van Leth, van der Werf na Borgdorff waliipima upya kwa takwimu za nchi mbalimbali na kuona kwamba uwiano wa 1 kwa 50 haushiki tena. Sababu inaonekana ukirudi kwenye ile penseli. Miaka miwili ya kukohoa ilikuwa ya enzi bila dawa, na mgonjwa anayetibiwa baada ya miezi michache hawaambukizi watu 20. Ukimwi nao umebadilisha ni wangapi kati ya walioambukizwa wanaougua, na wangapi kati ya wagonjwa wana vimelea vya kuonekana. Waliomsahihisha walikuwa wa taasisi ya kifua kikuu ya Uholanzi iliyoko The Hague, mji aliofanyia kazi, na waliweza kumsahihisha kwa urahisi kwa sababu kila hatua ya hesabu yake ilikuwa imeachwa wazi, na namba zake zote zilikuwa mezani. Kwangu hiyo ni alama kubwa zaidi ya kazi iliyofanywa vizuri kuliko kama kanuni yenyewe ingedumu.

Mwaka 2012 magari ya eksirei yalirudi, safari hii Tanzania. Katika uchunguzi wa kwanza wa kitaifa wa kuhesabu wagonjwa zaidi ya watu 50,000 walipimwa, na wenye kifua kikuu walionekana kuwa wengi kuliko ilivyokadiriwa. Miongoni mwao walikuwepo watu ambao hawakuwa na kikohozi cha kuwapeleka zahanati. Je, Kolín ilikosea? Nadhani hapana. Styblo alizungumzia wagonjwa wenye vimelea vingi, katika wilaya ambayo daktari hakuwa mbali na mtu yeyote. Hadubini inahitaji vimelea elfu tano hadi elfu kumi katika mililita moja ya makohozi ili ione chochote, na mkulima anayekaa kilomita thelathini kutoka maabara huvumilia kikohozi muda mrefu. Walioanza kusema kwamba mgonjwa atakuja mwenyewe, katika nchi ambazo hana njia ya kuja, waliichukua sentensi ya Styblo wakaiacha wilaya yake.

Baada ya uchunguzi ule makadirio yalipandishwa, na sehemu ya wagonjwa wanaofikiwa na mpango, ambayo ilikuwa ikionekana kubwa, ikashuka ghafla bila mgonjwa hata mmoja kuacha dawa. Asili ilikuwa imeongezeka. Ndiyo maana leo kliniki tembezi zenye eksirei na mashine ya GeneXpert ya kupima makohozi huenda migodini na kwenye vijiji vya mbali kuwatafuta wasiokuja, na anayeonekana ana ugonjwa hupewa mstari wake katika daftari la wilaya, kuanzia jina hadi hatima.